Ripoti ya mwanangu imetaja jeni C12orf57: je, ndiyo iliyomletea kifafa?

"Assalaam aleikum daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miezi saba, akatembea akiwa na miaka miwili na nusu, na mpaka leo maneno anayosema hayazidi sita. Picha ya CT ya kichwa walisema ni sawa. Mwaka jana damu yake ilipelekwa India, ripoti ikarudi na kusema ana badiliko kwenye jeni C12orf57, kwenye nakala zote mbili, na kwamba maana yake haijajulikana kwa hakika. Nilitafuta jina hilo kwenye simu usiku, nikaona mambo yaliyoninyima usingizi. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Mavyaa anasema ubovu huu nimeuleta mimi, kwao hakuna mgonjwa. Nina binti wa miaka saba, mzima, na sasa nina mimba ya miezi mitatu. Je, jeni hii ndiyo iliyomharibu mwanangu? Nimpime binti? Mimba hii itakuwaje? Na kama ugonjwa ni wa jeni, dawa za kifafa zina faida gani?"

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja. Dawa za kifafa usiziache, hata dozi moja. Kazi yake ni kutuliza umeme wa ubongo unaporipuka, na umeme huo haujali umeanzia wapi, kwenye jeni, kwenye homa ya uti wa mgongo ya zamani, au kwenye kuchelewa kulia siku ya kuzaliwa. Mtoto anayekatiziwa dawa ghafla anaweza kuingia kwenye kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Kama dawa zinamlevya au hazimsaidii, mwambie daktari wake, azibadilishe kidogo kidogo.

Sasa jeni yenyewe. Umeniuliza mambo manne, lakini naona yote yanashikiliwa na moja: je, jeni hii ina hatia? Kwa ripoti uliyo nayo mkononi, hakuna anayeweza kukuapia kwamba ndiyo wala kwamba siyo. Najua jibu hilo linaumiza mtu aliyengoja miezi, kwa hiyo nipe nafasi nikueleze kwa nini liko hivyo na namna ya kulisogeza mbele, kwa sababu linasogezeka.

Tazama jina kwanza. C na 12 maana yake ni kromosomu ya 12. Herufi orf ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayotaja kipande cha DNA kinachosomeka mfululizo bila kukatizwa. Na 57 ni namba ya foleni tu. Ni kama nyumba mpya huko Kisauni, Mombasa, ambayo bado haina jina wala mtu anayemjua mwenyewe, ina namba ya ploti peke yake. Jeni ikishajulikana kazi yake hupewa jina la kazi hiyo. Hii wataalamu waliiona ipo, wakaipa namba, wakapita. Binadamu tuna jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini, na wanasayansi wengi wamejazana kwenye chache. Iliyoandikwa kuliko zote ni TP53, inayohusika na saratani. Zilizobaki nyuma ni nyingi, na si kwa kuwa hazina maana. Ni kwa kuwa hakuna aliyezishughulikia.

Protini inayotengenezwa na C12orf57 ni ndogo mno. Chukua tasbihi yako ya punje 99. Protini hii ni uzi kama huo wenye punje 126 za asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoijenga protini, wakati ipo protini ya misuli iitwayo titini yenye punje zaidi ya 34,000. Lakini udogo usikudanganye. Katika miaka ya 1990 daktari wa Kimisri, Samia Temtamy wa Cairo, bingwa wa magonjwa ya kurithi, alieleza juu ya watoto wa familia moja waliozaliwa na ubongo ambao pande zake mbili hazikuunganishwa vizuri, macho yenye kasoro na akili iliyochelewa. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 2013 ndipo watafiti walipogundua kwamba watoto wa namna hiyo wana C12orf57 iliyoharibika kwenye nakala zote mbili. Wengi wao wana kifafa kigumu, na wengine wana dalili za usonji. Nadhani hayo ndiyo uliyoyasoma usiku ule.

Lakini badiliko lililoonekana kwa wengi wa watoto wale, hasa kwenye familia zenye asili ya Uarabuni, ni la namna ya pekee. Kila jeni inayotengeneza protini huanza kusomwa kwenye alama yake ya kuanzia, herufi tatu ATG. Ni kama sisi tunavyoanza kwa Bismillahi, ndipo kisomo kiendelee. Kwa watoto wale herufi ya kwanza kabisa, A, imegeuka G. Alama ya kuanzia imepotea, seli haijui ianzie wapi, na protini haitengenezwi inavyopasa.

La mwanao silo hilo. Ripoti yake inaonyesha kwamba kwake punje moja ya katikati ya uzi imebadilishwa na nyingine, na uzi wenyewe uko mzima. Kubadilika punje moja wakati mwingine huvunja protini, na mara nyingi hakufanyi lolote. Mimi na wewe tunatembea na maelfu ya mabadiliko ya namna hiyo na tunakula ubwabwa wetu kama kawaida.

Maabara hugawa mabadiliko kwenye madaraja matano, kwa utaratibu uliowekwa Marekani mwaka 2015 na kufuatwa sehemu nyingi duniani: linaloleta ugonjwa, linaloelekea kuleta, lisilojulikana, linaloelekea kutokuwa na madhara, na lisilo na madhara. La mwanao limewekwa kwenye daraja la kati. Watu wengi wakisoma "haijajulikana" husikia "huenda ndiyo", na hata madaktari wenzangu wengine huwaambia wazazi hivyo. Si sawa. Maana yake ni kwamba ushahidi wa kuhukumu haujatosha, upande huu wala ule. Tena kwenye jeni za saratani, ambako mabadiliko ya aina hii yamefuatiliwa kwa miaka mingi, yale yanayopata ufumbuzi baadaye mengi zaidi hushushwa kuwa hayana madhara.

Kuna sababu mbili za kunifanya niisome ripoti yako kwa tahadhari zaidi, na zote zinahusu sisi watu wa pwani.

Ya kwanza ni ndoa ya binamu. Mtoto wa binamu wa kwanza, kwa wastani, sehemu moja katika kumi na sita ya DNA yake inafanana kabisa pande zote mbili, kwa kuwa imeshuka kutoka kwa babu au bibi yule yule kwa njia mbili. Sehemu hiyo ni kubwa, ina jeni zaidi ya elfu moja. Badiliko lolote nadra lililomo humo litaonekana kwenye nakala zote mbili, liwe baya au lisiwe na neno. Kwa hiyo mtoto wa binamu kukutwa na badiliko kwenye nakala zote mbili si ajabu hata kidogo, na peke yake si ushahidi. Mtu aliyekutwa barazani pa nyumba iliyoibiwa huenda ni jirani aliyekuwa amekaa tu.

Na usiache mtu akutishe kwa idadi za kubuni. Utafiti mkubwa wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta watoto wanaozaliwa na kasoro ni kama asilimia 3 kwa wazazi wasio na udugu, na kama asilimia 6 kwa binamu wa kwanza. Hatari inaongezeka maradufu, hilo ni kweli na silifichi. Lakini hata hivyo watoto 94 kati ya 100 wanazaliwa salama.

Ya pili ni kwamba maabara ya India ililinganisha mwanao na hazina za vinasaba ambamo sisi ni wachache sana. Badiliko huitwa nadra kama halionekani kwenye hazina hizo. Lakini nadra kwa nani? Mwaka 2020 watafiti wa Kiafrika walipochapisha usomaji wa vinasaba kamili vya watu 426 kutoka makabila na lugha 50 za bara hili, walikuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Na mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao kwenye miji ya pwani yetu, wengine hapo Mtwapa, ng'ambo ya daraja tu. Vilionyesha kwamba nasaba ya mama zao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na ya baba zao wengi ilikuwa ya Kiajemi, iliyoanza kuchanganyika kama miaka elfu moja iliyopita, na ya Kiarabu ikaongezeka baadaye. Mchanganyiko kama huu hauko London wala Chennai kule India. Badiliko linaloitwa nadra sana na kompyuta ya maabara huenda linabebwa na watu wazima wa afya kutoka Lamu hadi Vanga, ila hakuna aliyewapima. Jambo hili linanikera miaka yote niliyofanya kazi hii. Tunalipa sawa na wengine na tunapata majibu yaliyo na mashaka zaidi.

Mavyaa nitamjibu kwa heshima, kwa kuwa ni mama na ni mke wa ami yako. Anasema ubovu umetoka upande wako. Lakini mumeo ni mtoto wa ami yako: baba yako na baba yake ni ndugu, babu ni mmoja, bibi ni mmoja. Kama badiliko hili limeshuka kwa mmoja wa wazee hao, basi limepita kwa baba yako kuja kwako, na limepita kwa ami yako kwenda kwa mumeo. Hakuna upande wako na upande wao, nyumba ni moja. Na kukosekana mgonjwa hakuthibitishi kitu, kwani ugonjwa wa namna hii hujificha. Mwenye nakala moja iliyoharibika na moja nzima haumwi, anazeeka bila kujua. Mtoto haugui mpaka apokee nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, wote wawili. Kwa kawaida mzazi mmoja peke yake hawezi kuuleta ugonjwa huu. Mumeo ndiye anayefaa kumweleza mama yake hayo, si wewe.

Tufanye nini basi? Kama ungekuwa mbele yangu, ningemkalisha mtoto mapajani mwako, nikazima taa ya chumba, nikammulika jicho kwa tochi ndogo ya kalamu. Mboni ya jicho zima ni duara kamili, na hujikunja mwanga ukiingia. Kwenye koloboma, ambayo ni kasoro mojawapo ya ugonjwa wa Temtamy, mboni haina uduara huo. Imechirizika kwa chini kama tundu la ufunguo. Unaweza kumtazama hata leo nyumbani. Lakini usipoiona usiridhike, kwa sababu kasoro nyingine ziko nyuma ya jicho na hazionekani mpaka daktari wa macho atie matone ya kupanua mboni, na tena si wagonjwa wote wa C12orf57 walio na kasoro ya macho.

Kipimo kitakachotufumbua zaidi ni MRI ya ubongo. CT mliyofanya ni nzuri kwa kutafuta damu au uvimbe, lakini tunachotafuta sisi ni kopasi kalosamu, daraja la mamilioni ya nyuzi linalounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto. Likiwa jembamba au limekatika nusu, CT inaweza isilione. Kama MRI itaonyesha daraja halipo au ni jembamba mno, shaka juu ya jeni hii itapanda sana. Likiwa zima na macho yakiwa mazima, mimi nitaanza kutafuta kwingine, na pa kutafuta papo. Tafiti za miaka mingi za kifafa zilizofanyika jirani yetu Kilifi zinaonyesha jinsi matatizo ya wakati wa kuzaliwa yalivyo chanzo kikubwa cha kifafa cha watoto huku kwetu. Alilia papo hapo alipotoka? Alipumua kwa msaada? Aliwahi kulazwa kwa manjano kali au malaria ya kichwa? Hukuniandikia, nami nahitaji kujua. Muulize pia daktari wake kama vifafa vichache vinavyotibika kwa njia ya pekee vimeshaondolewa kwenye orodha. Kipo kimoja cha kurithi kinachotulizwa kwa vitamini B6, na ni hasara kubwa kukipita.

Upande wa damu, wa kupimwa kwanza ni wewe na mumeo. Kipimo ni cha badiliko hilo moja tu, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kusoma jeni zote. Tunatarajia kila mmoja wenu awe na nakala moja. Mmoja wenu asipokuwa nayo, hadithi inageuka: huenda mtoto amepotelewa na kipande cha kromosomu na nakala tunazodhani ni mbili ni moja tu. Hayo maabara itajua kuyafuata.

Binti ni jambo la kupima kwa mizani. Msichana mzima wa miaka saba hatupendi kumpima ili tu ajulikane kama ni mbebaji. Hilo ni lake kuamua akiwa mtu mzima, na katika jamii zetu neno kama hilo huweza kumfuata mpaka siku ya posa. Lakini akiwa naye ana nakala zote mbili kama kaka yake, na yeye ni mzima, anasoma vizuri, basi badiliko hili karibu limesafika. Ushahidi kama huo haupatikani kwa urahisi. Ninavyofanya mimi ni kuiomba maabara ijibu swali moja pekee, ana nakala mbili au hana, bila kutuambia kama anayo moja. Mkikubaliana na baba yake fanyeni. Moyo ukisita, acheni. Na ripoti hizi msizizungushe kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na ni sawa iwe hivyo.

Mimba yako. Najua huenda ndiyo inayokuamsha usiku. Usikubali uamuzi wowote juu ya mimba ufanywe kwa sababu ya badiliko ambalo maana yake haijulikani. Wapo wanaochukua maji ya mimba kupima badiliko kama hilo, na mimi naona ni kujitia kwenye mateso: utapata jibu la kijusi usiloweza kulisoma, kama ulivyopata la kaka yake. Kama baadaye itathibitika kwamba badiliko hili ndilo, basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kurithi ugonjwa, na nafasi tatu kati ya nne ya kutougua. Hapo kupima kutakuwa na maana, na tutakaa tuzungumze. Kwa sasa endelea na foliki asidi, hudhuria kliniki, na ukifika wiki ya 20 hivi omba ultrasound ya kina kwa mtu mzoefu. Wakati huo daraja la ubongo la mtoto linaweza kuonekana. Mwambie mapema unataka alitazame.

Kuna neno lingine ulilolisema bila kulisema, kwamba ugonjwa wa jeni hauna la kufanya. Halina ukweli. Hata tukithibitisha kesho kwamba ni C12orf57, mazoezi ya viungo, mazoezi ya usemi, dawa sahihi ya kifafa na shule inayomfaa ndivyo vitakavyoamua maisha yake yatakuwaje. Maneno sita akiwa na miaka minne ni mahali pa kuanzia. Usiyangojee majibu ya maabara kumwanzishia mazoezi ya usemi. Kombe na dua, endeleeni navyo, havigombani na dawa. Ila mtoto akiwa ameanguka asinyweshwe chochote wala asitiwe kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, mtolee vitu vinavyoweza kumuumiza, na utazame saa. Na anayewauzia "tiba ya kusafisha jeni", mfungieni mlango.

Kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, msimamishe tuktuk yoyote umkimbize hospitali iliyo karibu, usingoje kwenda kwa daktari wake wa kawaida. Ukiona amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au ameacha kutembea, au homa inamshika pamoja na kifafa, hiyo pia ni safari ya siku hiyo hiyo.

Kwa mengine, mwombe daktari wake wa watoto akuandikie rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto na kwa mtu wa vinasaba. Hospitali Kuu ya Pwani pale Mombasa ni pa kuanzia kuuliza. Siku hiyo beba kitabu chake cha kliniki tangu alipozaliwa, ripoti nzima ya India na si ukurasa wa kwanza tu, CD ya picha ya CT, chupa za dawa anazotumia, na video ya simu ya namna anavyoanguka. Iombe maabara pia faili ghafi ya DNA yake, yaani usomaji wenyewe kabla haujafasiriwa, kwa kuwa faili hiyo inaweza kusomwa upya baada ya mwaka au miwili bila kumtoa damu tena, na jeni isiyojulikana leo huenda wakati huo imeshaandikwa zaidi. Na nenda na mumeo. Maswali mengine yanahitaji ajibu yeye, na mengine ayasikie kwa masikio yake.